Kumtwika Bwana mzigo: karatasi moja na Zaburi ya 13

Hamali wa sokoni Kongowea, Mombasa, hajitwiki gunia la kilo 90 peke yake. Mwenzake hulinyanyua, naye huinama akalipokea. Zaburi 55:22 inatumia kitenzi hichohicho, "Umtwike Bwana mzigo wako naye atakutegemeza," ila hapa wa kunyanyua ni wewe, na huwezi kunyanyua usichokishika. Ndiyo maana ombi la "Bwana, niondolee shida zote" mara nyingi humwacha mtu na shida zilezile.

Tenga dakika 20, alfajiri kabla honi za matatu hazijaanza. Chukua karatasi, kalamu na Biblia. Kama Biblia imo kwenye simu, zima data. Andika kila kinachokulemea kwenye mstari wake, kwa jina na kiasi: "kodi ya miezi 2, shilingi 14,000," wala si "mambo ya pesa." Acha lugha ya mimbarani. Mtu huandika "vita vya adui," kumbe ni deni la dukani.

Kisha tia alama. Wagalatia 6 ina maneno mawili: mstari wa 2 unasema tuchukuliane mizigo, wa 5 unasema kila mtu atalichukua furushi lake. Furushi ni kazi yako ya leo: kumpigia simu mwenye nyumba, kwenda kuchukua majibu ya vipimo. Tia F. Mzigo ni kile usichokiweza: kama mwenye nyumba atakubali, majibu yatasemaje. Tia M. Hapa ndipo wengi hupotea: humtwika Mungu simu ambayo wangeipiga wenyewe, wakabaki wamejibebea majibu ya vipimo.

Sasa soma Zaburi ya 13 kwa sauti. Ina mistari 6 tu. Katika ule wa 1 na wa 2, "hata lini" inarudi mara nne; ingiza M zako humo: "Hata lini, Bwana, mguu wa mama usipone?" Kaa hapo dakika 7 au 8. Wengi tumefunzwa kwamba kulalamika ni kukosa imani, basi tunarukia sifa za mstari wa 6, na donge linabaki kooni. Mstari wa 3 na wa 4 ni ombi. Omba jambo moja, wazi. Wa 5 ndio wa kuegemea: "Nami nimezitumainia fadhili zako." Usipotoka moyoni, usome tu ulivyo. Zaburi ya 88 inaishia gizani, na bado imo katika Biblia.

Kama mzigo wenyewe ni karatasi, notisi ya kuhama au bili ya hospitali, fanya alivyofanya mfalme Hezekia (2 Wafalme 19:14): aliisoma barua ya vitisho, akaikunjua mbele za Bwana. Ikunjue mezani, uombe ukiitazama.

Halafu mtafute mtu mmoja asiyepeleka maneno. Kundi la WhatsApp la kanisa halifai. Ombi la asubuhi jioni huwa habari ya mtaa. Mwambie jambo mahususi: "Mama, niombee siku 7, na Ijumaa unisindikize kliniki."

Kufungua Biblia popote na kuweka kidole ni ramli tu. Anayekudai "mbegu" ya pesa ndipo akuombee, mwage uende zako. Dawa za presha usiache. Luka mwenyewe alikuwa tabibu (Wakolosai 4:14). Ukiwaza kujiua, mwambie mtu wa karibu na uende hospitali siku hiyohiyo. Nabii Eliya naye aliomba afe (1 Wafalme 19), na malaika alimwamsha ale, akalala, akamwamsha ale tena, ndipo safari ya mlima Horebu. Basi ukiamka na njaa, chai na mahamri kwanza, zaburi baadaye.

Rudia siku 7 kwa karatasi ileile, ukikata kila F iliyokwisha. M ikirudi usiku wa manane, taja jina lake, sema "hii nimeshatwika," usianze hesabu upya. Siku ya 8 andika karatasi mpya. Ya zamani iache ndani ya Biblia, penye Zaburi ya 13.