Kabla hujaenda kumchukua kasuku aliyetelekezwa, weka haya sawa (kwa walioko Mtwara na Lindi)

Watu wengi wakisikia kuna kasuku mahali anateseka wanapanda bodaboda siku hiyo hiyo kumfuata, na nawaelewa kabisa maana ukimuona ndege kifua kipara, mdomo umerefuka mpaka unajikunja, tundu limeganda kinyesi, roho inauma. Ila kwa ndege aliyedhoofika safari peke yake ni mzigo, na nyumba mpya na sura mpya ni mzigo mwingine, sasa kama ukifika nae nyumbani ndo unaanza kuulizia anakula nini na wapi utapata balbu ya kumpasha joto, umechelewa. Andaa kwanza, mfuate baadae. Siku mbili tatu za maandalizi kwa aliyekaa hivyo miaka si neno, isipokuwa umkute kakaa chini kwenye sakafu ya tundu, kajitutumua manyoya, mkia unapanda na kushuka kila akihema. Huyo hakuna cha kusubiri, ni kwa daktari moja kwa moja.

Naanza na sheria maana hiyo ndo watu wanairuka. Yule kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, anayeiga sauti za watu, si ndege wa huku kusini. Kwa Tanzania porini yuko pande za Kagera, kwa hiyo ukimkuta Mikindani au Nachingwea ujue kuna mtu kamleta. Biashara ya kimataifa ya kasuku hawa waliokamatwa porini ilifungwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, kuanzia Januari 2017, na hapa nyumbani Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inataka kibali. Ukikutwa nae bila karatasi kesi inaitwa kupatikana na nyara za serikali, na kujitetea kwamba ulikuwa unamuokoa ni mlima. Kuna na wale wadogo wa kijani, kichwa cha kahawia, ambao ukanda huu wa pwani ni kwao kabisa, nao kibali kinatakiwa vile vile. Kwa hiyo kabla ya yote nenda kwa afisa wanyamapori wa halmashauri au ofisi ya TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, eleza ndege yuko wapi na hali yake, na uondoke na maandishi. Wanaweza kumchukua wenyewe, wanaweza kukuruhusu umtunze kwa muda, vyovyote vile utalala usingizi.

Halafu anayemtoa, usiende na lawama hata kama unazo. Ukiingia na "Shikamoo mzee, naomba unielekeze, huyu alikuwa anapenda kula nini?" utapata habari za miaka yote, ukiingia kwa ukali utapewa tundu na mlango unafungwa. Unachotaka kujua ni hiki: kazoea chakula gani, maji anawekewa kwenye nini, alikuwa analala wapi, aliwahi kuanguka na kutetemeka, kulikuwa na mwenzake akafa, kuku wanapita hapo chini, na kuna mtu wa nyumba hiyo aliyeumwa homa na kikohozi kisichoeleweka. Hilo la mwisho si umbea. Kasuku anaweza kubeba bakteria anaeambukiza binadamu kupitia vumbi la kinyesi kikavu na manyoya, na ugonjwa wake unafanana na nimonia, kwa hiyo nunua barakoa na glovu mapema, kinyesi kiloweshe kwanza ndo ukifute, usikifagie kikavu. Mtoto mchanga, mjamzito au mzee mwenye kifua wasilale chumba kimoja nae. Na mtu akianza homa humo ndani mwambie daktari wa hospitali wazi kwamba kuna kasuku.

Daktari wa mifugo mtafute kabla ndege hajafika. Tuseme ukweli, madaktari wetu huku kazi yao ni mbuzi, ng'ombe na kuku, kasuku wengi hawajawahi kumshika, na hilo si kosa lao. Unachohitaji ni mtu atakayekubali kupima, kuangalia koo, kuchukua sampuli ya kinyesi na kumpigia mwenzake anaejua ndege. Mtwara kuna maabara ya mifugo ya TVLA, wakala wa serikali wa maabara za mifugo, na chuo cha SUA Morogoro ndo wanakofundishwa madaktari wa mifugo, kwa hiyo muombe daktari wako atafute mtu wa kumuuliza kule. Kumpakia ndege mgonjwa kwenye basi mpaka Dar, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara, iwe la mwisho kabisa. Mdomo uliorefuka na kucha akate yeye, kuna mishipa ya damu ndani. Na zile OTC, antibiotiki za unga za kuku za kuchanganya kwenye maji, usiziguse kwa kubahatisha, ndege mgonjwa anakunywa kidogo, huwezi jua kameza kiasi gani, na maji yakibadilika ladha anaweza kuacha kunywa kabisa.

Chumba sasa. Chagua kilicho mbali na jiko, na hapa sina mjadala. Mapafu ya ndege ni mepesi mno, moshi wa mkaa unamuumiza, dawa ya mbu ya kuchoma inamuumiza, na kikaango kile cheusi kisichogandisha chakula kikiungua kinatoa hewa inayoweza kuua kasuku ndani ya dakika chache wewe mwenyewe hata harufu hujaisikia. Kama nyumba ni ya uani na majirani wanapikia kibarazani, angalia upepo unaelekea wapi saa za kupika. Kuna na salfa. Kuanzia kama mwezi wa tano mikorosho inapulizwa na lile vumbi la njano linasafiri, kwa hiyo kama mnaishi karibu na mashamba panga chumba ambacho dirisha halitazami huko, na usikate tawi la mkorosho ukamwekea asimamie. Kuku wako pia wakae mbali, usitoke bandani kwao ukaingia kwake bila kunawa na kubadili kandambili, maana kideri hakichagui kuku peke yake.

Joto watu wananibishia, wanasema Mtwara nzima ni joto, la nini tena. Ndege asiye na manyoya kifuani hana blanketi. Mgonjwa anataka kama nyuzi 28 mpaka 30 mchana na usiku, na usiku wa mwezi wa saba kusi likivuma huzipati. Nunua kipimajoto cha bei rahisi ukifunge pale pale anaposimama. Balbu za siku hizi hazitoi joto, tafuta zile za zamani za waya ndani, uiweke nje ya tundu upande mmoja tu ili akizidiwa asogee upande wa pili, na uifunike nusu asipigwe na mwanga usiku kucha maana anahitaji giza na usingizi kama saa 10 hadi 12. Umeme wetu mnaujua, kwa hiyo ziwepo chupa mbili za maji ya moto zimeviringishwa kanga, zinaegeshwa nje ya waya. Ukiona ametanua mabawa na anahema mdomo wazi, umezidisha.

Tundu alilotoka nalo mara nyingi halifai. Waya wa mabati uliochakaa una zinki, kasuku anautafuna kutwa, na zinki na risasi ni sumu kwake. Kwa mgonjwa wala huhitaji kubwa, linatakiwa pana na fupi ili akidondoka asivunjike, chini tandika magazeti meupeupe uone kinyesi, vijiti viwe chini chini na unene tofauti. Matawi ya mpera ni mazuri, yasugue kwa maji uyakaushe juani.

Kitu kimoja ambacho ningekuwa na hela ya kitu kimoja tu ningekinunua ni mzani wa jikoni wa dijitali unaosoma gramu. Kasuku ni fundi wa kuficha ugonjwa, manyoya yanamfanya aonekane mnene wakati ndani amebaki mifupa. Pitisha kidole katikati ya kidari, kwa mzima unakuta mfupa una nyama huku na huku, kwa huyu wako utakuta umesimama kama ukingo wa kisu. Kila asubuhi kabla hajala, weka kijiti au bakuli la plastiki juu ya mzani, usome sifuri, mpandishe kwa kumwonyesha mbegu, andika namba kwenye daftari. Wa kijivu mzima mara nyingi yuko kama gramu 400 hadi 500 na kidogo. Usihangaike sana na namba yenyewe, fuatilia inaelekea wapi: akipungua asilimia 10 kutoka pale ulipoanza, piga simu. Kama mkono bado anauogopa mpime ndani ya kreti ndogo kisha utoe uzito wa kreti, usimkimbize chumba kizima na taulo kila asubuhi.

Na kinyesi nacho kisome. Kina sehemu tatu, ya kijani, nyeupe na maji. Ile nyeupe ikigeuka kijani au njano, au ukiona damu au mbegu zimetoka nzima nzima, piga picha umtumie daktari.

Chakula ndo penye makosa mengi, na mengi ni ya huruma. Aliyeshinda na njaa muda mrefu usimjazie sahani, mwili unaweza kushindwa, mpe kidogo kidogo mara nyingi. Na usimbadilishie ghafla. Kama miaka yote kala alizeti tupu, ukimwekea karoti anaweza asijue kwamba hicho ni chakula, akafa njaa mbele ya bakuli. Siku za mwanzo mpe anachokijua, pembeni weka vitu vipya vimekatwa vidogo, kula nawe mbele yake ukitaka, wanaiga. Mbegu tupu zinamkosesha vitamini A na kalsiamu, ndo maana unaona pua na koo vinamsumbua, na wa kijivu akikosa kalsiamu anapata degedege. Dawa yake nyingi iko sokoni: boga, viazi vitamu vya njano, embe bivu, papai, majani ya mlonge, pilipili hata kali maana ukali hausikii, yai la kuchemsha kidogo, mahindi mabichi, mbaazi na choroko vilivyochemshwa vikaiva. Maharage mabichi hapana. Kisamvu kibichi hapana. Karanga za kwetu nzuri ila sumukuvu inamwua ini, kwa hiyo mpe chache, safi, zisizo na ukungu, au acha tu. Korosho iliyokaangwa bila chumvi kipande kimoja kama zawadi, lakini yenye ganda kamwe, yale mafuta kila aliyebangua kwa mkono anajua yanavyobabua. Parachichi ni sumu, chokoleti, kahawa na pombe pia, na maziwa hayawezi. Pumba za kuku wa mayai watu wanazisifia, zina kalsiamu nyingi kupita kiasi kwa kasuku. Na usimmiminie maji mdomoni kwa sindano kama hujafundishwa, yanaingia kwenye mapafu.

Jua la asubuhi lisilopita kwenye kioo linamsaidia kutumia hiyo kalsiamu, weka tundu nusu jua nusu kivuli na mtu awepo, kunguru na paka wa mtaani hawana adabu.

Manyoya usimuahidi mtu. Aliyejinyonyoa muda mrefu vishina vinaharibika, sehemu nyingine hazioti tena, na kama ni ule ugonjwa wa virusi wa mdomo na manyoya daktari ndo atasema baada ya vipimo. Mpe vitu vya kutafuna, makuti, vifuu, maboksi, vijiti, maana wengi wananyonyoka kwa upweke na kuchoka.

La mwisho ni nani atabaki nae. Hawa wa kijivu wanaweza kuishi miaka 40 hadi 60, na hata ukiwa nae kwa muda tu mpaka TAWA wamhamishe, msimu wa korosho utakukuta, nyumba nzima inahamia shamba. Mtafute mapema shangazi au kijana wa jirani, aje wakati ungalipo, ajifunze kumpima na kubadili maji, na ukutani bandika karatasi yenye uzito wa wiki iliyopita, orodha ya asivyotakiwa kula, nakala ya kibali na namba ya daktari.