Somo: Vidukari kwenye giligilani ya uani, anza na maji

Wadau wa Mwanza, kiangazi hiki maswali ni yale yale: giligilani imejikunja, majani yananata, na ukigeuza jani unakuta vijidudu vya kijani vimegandamana. Hao ni vidukari, wengine huwaita wadudu mafuta. Somo hili ni la wanaolima kwenye ndoo, magunia na vijituta vya uani. Nazungumzia giligilani, lakini shamari, karoti na dili ni ndugu zake na husumbuliwa hivyo hivyo.

Msimamo wangu niuseme mapema: jani hili tunalikatia kwenye kachumbari na kulila bichi. Dawa kali ya dukani siitaki hapo.

Hatua ya 1: Geuza majani

Kagua asubuhi, chini ya majani na kwenye vikonyo vichanga vya katikati. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka shinani, usihangaike na sisimizi kwanza. Wamefuata majimaji matamu wanayotoa vidukari, na huwalinda dhidi ya wadudu wanaowala. Majimaji hayo ndiyo yanayonata, na baadaye huota ukungu mweusi.

Msiahirishe. Kwenye joto letu kidukari jike huzaa bila dume, na mtoto wake huanza kuzaa baada ya wiki moja hivi. Wachache wa leo ni kundi zima Jumapili ijayo.

Hatua ya 2: Maji

Hatua hii watu huidharau, nami naona ndiyo inayomaliza kazi kubwa. Toboa kifuniko cha chupa ya maji kwa sindano ya moto. Laza mmea juu ya kiganja ili upande wa chini wa majani uelekee juu, kisha minya chupa kwa nguvu. Kidukari aliyeng'olewa kwa nguvu mara nyingi mdomo wake huumia na hawezi kurudi kunyonya. Rudia kila baada ya siku mbili au tatu. Fanya asubuhi, majani yakauke kabla ya usiku.

Mnaokaa juu miambani ambako maji huja kwa mgao, msiogope: maji yanadondokea kwenye ndoo ile ile, umemwagilia tayari.

Shina lililojaa kabisa likate, litie kwenye mfuko, funga. Usilitupe pembeni ya tuta.

Hatua ya 3: Sabuni, kama maji hayakutosha

Kwangua sabuni ya mche, kijiko kimoja cha chakula kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu, koroga iyeyuke, chuja. Jaribu kwenye mmea mmoja, subiri hadi kesho. Usipoungua, nyunyiza yote jioni, hasa chini ya majani. Sabuni huua mdudu iliyemgusa tu. Ikishakauka haina kazi tena, kwa hiyo rudia baada ya siku nne au tano. Maji ya kisima yasiyotoa povu hayafai, tumia ya mvua au ya bomba. Kabla ya kula, osha vizuri.

Hatua ya 4: Mwarobaini

Twanga majani mabichi, kilo moja kwa lita tano za maji, iache ilale usiku kucha, chuja, ongeza sabuni kidogo ili ishike. Mbegu zina nguvu kuliko majani. Nyunyiza jioni kwa sababu jua huiharibu haraka. Uchungu hubaki kwenye jani, hivyo acha siku kadhaa kabla ya kuvuna.

Usiue wasaidizi

Yule mdudu wa mviringo, mwekundu mwenye madoa meusi, mnamjua. Mtoto wake hafanani naye: ni mweusi, mrefu, ana miguu sita na mgongo wa mabaka kama kimamba kidogo cha ziwani. Watu humponda wakidhani ni adui, kumbe anakula vidukari kutwa nzima. Acheni pia mashina mawili matatu yatoe maua. Maua hayo huvuta nyigu wadogo na nzi ambao watoto wao hula vidukari.

Na punguzeni mbolea ya kuku. Najua udongo wetu wa luseni, huu wa kichanga, una njaa, lakini naitrojeni ya mbolea hiyo ikizidi majani huwa laini mno, na vidukari hupenda hivyo.

MASWALI YA WANAKIKUNDI (kwa jina la mtaa wa muulizaji)

Buswelu: Mwalimu, nilitumia sabuni ya unga, majani yamekauka kingo.
Jibu: Pole dada. Sabuni ya unga ina kemikali za kufulia, inaunguza. Suuza kwa maji safi, kata yaliyokauka, mmea utachipua.

Igombe: Wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama wingu na kuganda kila mahali, ndio wanaoleta haya?
Jibu: Hapana mkuu. Wale wamekulia majini, wakishapata mabawa huishi siku chache tu na hawali mboga. Kung'uta, basi.

Nyegezi: Shikamoo. Bibi yangu alikuwa akiloweka tumbaku. Vipi?
Jibu: Marahaba. Inaua kweli, lakini nikotini ni sumu kwa mtu pia. Kwa jani la kula bichi, hapana.

Igoma: Miche inakatwa chini usiku, asubuhi imelala.
Jibu: Huyo ni sota, kiwavi wa udongoni. Fukua udongo kuzunguka mche, utamkuta amejikunja. Kata chupa ya plastiki vipande vya mviringo, chomeka kuzunguka kila mche.

Kirumba: Muuza pembejeo kanipimia dawa kwenye chupa ya soda, kasema ni ya wadudu wote.
Jibu: Irudishe. Bila lebo hujui ni nini, unachanganyaje, wala unasubiri siku ngapi kabla ya kuvuna. Na chupa ya soda ndani ya nyumba yenye watoto ni hatari.

Pasiansi: Kwenye shamari kuna kiwavi kikubwa cha kijani, ukikigusa kinatoa pembe za rangi ya chungwa zenye harufu kali.
Jibu: Ni mtoto wa kipepeo yule anayetaga kwenye milimao. Hang'ati. Mtoe kwa mkono. Ukiwa na mlimao mkubwa, mhamishie huko, hautapungukiwa kitu.