SOMO: Kughani "vidyaa-dhanam", ubeti wa Kisanskriti (lugha ya kale ya India) unaosifu elimu

Nimechoka kujibu mmoja mmoja faraghani, kwa hiyo naweka yote hapa. Ubeti wenyewe:

Na chora-haaryam na cha raaja-haaryam
na bhraatri-bhaajyam na cha bhaara-kaari
vyaye krite vardhata eva nityam
vidyaa-dhanam sarva-dhana-pradhaanam

Hatua 1. Jua maana: elimu, mwizi haiibi, mfalme hainyang'anyi, ndugu hawagawani, wala haikulemei kuibeba, ukiitumia huzidi kila siku. Mali ya elimu ni kuu kuliko mali zote.

Hatua 2. "Na" hapa si yetu ya kuunganisha. Ni "si". "Na cha" ni "wala".

Hatua 3. Irabu ni karibu na zetu, aa vuta. E na o ni ndefu daima.

Hatua 4. Dh si ya "dhahabu". Ulimi unagusa nyuma ya meno kama d, kisha unatoa pumzi. Weka kiganja mbele ya mdomo, useme "dhanam". Usiposikia upepo, rudia.

Hatua 5. "Vardhata eva". Hapa niliharibu. Nikisoma Pune, India, mama mwenye nyumba, mwalimu mstaafu, aliniomba nighani mbele ya wajukuu zake. Karatasi yangu iliandikwa "vardhate eva", nikasoma hivyohivyo. Alikuwa akigonga meza kwa kidole kufuata mapigo. Nilipofika hapo kidole kikabaki hewani. Kila mstari una mizani 11, na ya saba lazima iwe fupi. "Te" ni ndefu, inavunja. Kanuni ya Kisanskriti ni kwamba e ya mwisho wa neno hugeuka a ikikutana na irabu isiyo a fupi. ONYO: msiziunganishe zikawa "vardhataiva", mtabaki na mizani 10. Sema vardhata, kata kidogo, kisha eva.

Hatua 6. Pumua mwisho wa mstari tu.

MASWALI

Kibwagizo: Mkuu, maana yake nini?
— Hatua ya 1.

Mja_wa_Mola: Hii si dua ya miungu yao? Unatufundisha nini?
— Soma tena maana niliyoiweka, neno kwa neno. Mungu gani ametajwa? Ni subhaashita, yaani usemi wa hekima.

Binti Malenga: Shikamoo mwalimu. Sisi kwenye shairi tunahesabu mizani 8 kwa 8, basi. Wao mbona wanajali fupi na ndefu?
— Marahaba binti, umeuliza vizuri sana. Wao huhesabu na uzito pia. Silabi ni nzito ikiwa na irabu ndefu, au ikifuatwa na konsonanti mbili. Tazama "na" ya mstari wa kwanza: nyepesi. Ya mstari wa pili ni nzito, kwa sababu inafuatwa na bhr. Mianzo yote miwili inakubalika, na bahari inayoichanganya huitwa upajaati. Gonga meza utaisikia.

Kibwagizo: Nimesikia mtu anasema "krute", si "krite".
— Hilo sasa ni swali. Maharashtra, jimbo lenye Pune, husema ru, kaskazini mwa India ri. Shika moja.

Binti Malenga: Mimi nimeanza kukariri na mstari wa mwisho, nikarudi nyuma. Ubeti umeshika haraka.
— Nitawajaribu wanangu hivyo leo jioni.