Namna ya kusoma mwelekeo wa kura katika jimbo la vijijini, Lindi na Mtwara

Mtu anayetaka kujua jimbo la vijijini huku Kusini linaegemea wapi kisiasa kwa kawaida hutazama jina la chama kilichoshinda, akaishia hapo. Kwa Lindi na Mtwara njia hiyo inapotosha, kwa kuwa kura za huku mara nyingi humfuata mtu, na hufuata hali ya korosho, kabla ya kukifuata chama.

Kazi ya kwanza ni kuchagua mwaka wa kupimia, nami napendekeza 2015. Katika uchaguzi huo ushindani ulikuwa wa kweli karibu kila mahali: CUF ilichukua Mtwara Mjini, Tandahimba, Mchinga, Liwale na majimbo yote mawili ya Kilwa, na CHADEMA ikapata Ndanda. Ukilinganisha na 2010, kumbuka kwamba mwaka 2015 vyama vya UKAWA, muungano wa upinzani, viliachiana majimbo, hivyo kura za CUF za Tandahimba zina kura za wafuasi wa CHADEMA ndani yake. Jumlisha kwanza kura zote za upinzani za 2010, ndipo ulinganishe. Angalia na mipaka pia, kwa sababu Ndanda na Nanyamba yalianza kuwa majimbo mwaka huohuo wa 2015, na takwimu za nyuma ni za majimbo yaliyogawanywa.

Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 usiutumie kupima chochote, kwani vyama vikuu vya upinzani vilijitoa. Mwaka 2020 mbunge wa Ruangwa, Kassim Majaliwa, aliyekuwa Waziri Mkuu wakati huo, alipita bila kupingwa, kwa hiyo hakuna kura za ubunge za kuhesabu hapo. Tumia za urais. Mwaka 2025 CHADEMA haikuwamo kwenye karatasi ya kura.

Baada ya hapo shuka hadi kwenye kata na vituo. Matokeo ya udiwani yatakupa picha ya kata, na nakala za fomu za matokeo wanazopewa mawakala wa vyama zitakupa picha ya kituo. Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa sababu husoma asilimia peke yake. Chukua kata ya kubuni ambayo mwaka 2015 CCM ilipata kura 1,100 na CUF 1,250, kisha mwaka 2020 CCM ikapata 1,150 na upinzani wote 300. Asilimia ya CCM imepanda kutoka 47 hadi 79, lakini kura zake zimeongezeka 50 tu. Hao 950 waliopungua upande wa pili huwezi kusema wamehamia CCM. Wengi wao yawezekana hawakwenda kituoni kabisa. Kwa taifa zima waliojitokeza walikuwa takriban asilimia 67 ya walioandikishwa mwaka 2015, na takriban 51 mwaka 2020. Andika daima idadi ya kura kando ya asilimia, pamoja na idadi ya walioandikishwa.

Sasa mtenge mtu na chama. Zuberi Kuchauka alishinda Liwale kwa CUF mwaka 2015, akahamia CCM mwaka 2018, na katika uchaguzi mdogo wa Oktoba mwaka huo akarudi bungeni kwa chama kipya. Cecil Mwambe naye aliishika Ndanda kwa CHADEMA, kisha mwaka 2020 akashinda hapohapo kwa CCM. Ukisoma safu ya vyama tu utadhani majimbo hayo yamegeuka itikadi. Sheria yetu hairuhusu mgombea binafsi, kwa hiyo mwanasiasa aliyenuna baada ya kura za maoni za ndani ya chama hana pa kwenda ila chama kingine, na huondoka na watu wake. Njia nzuri ya kulibaini hili ni kulinganisha kura za rais, mbunge na diwani za kituo kimoja siku ileile: pengo likiwa kubwa, wapiga kura wanamchagua mtu.

Korosho inahitaji kalenda yake. Uchaguzi mkuu kwa kawaida hufanyika mwishoni mwa Oktoba, wakati mavuno yanaendelea na minada ya msimu inaanza, na mkulima huenda kupiga kura akiwa na bei akilini. Tengeneza jedwali la misimu, uweke bei ya mnada, lini AMCOS (chama cha msingi cha ushirika) ililipa, na kama pembejeo zilifika kwa wakati. Usiache mwaka 2018, ambapo mvutano wa ushuru wa korosho zinazouzwa nje uliwagusa hadi wabunge wa CCM wa Kusini, na mwezi Novemba Serikali ikaagiza jeshi kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Kwa Mtwara Mjini na vijiji vya Msimbati ongeza gesi na vurugu za 2013 kuhusu bomba la gesi, ila usidai kwamba gesi peke yake ndiyo iliyoipa CUF jimbo miaka miwili baadaye. Liwale haikuwa na bomba, nayo ilikwenda CUF vilevile.

Ukifika kijijini kuhakikisha uliyoyasoma, usimuulize mzee anapigia chama gani. Atakujibu unachotaka kusikia, au atakuaga kwa adabu. Mwamkie, kisha muulize malipo ya msimu uliopita yaliingia mara ngapi na alikatwa nini. Majibu yake yaweke kando ya fomu za kituo chake, mwaka kwa mwaka.