Kuzuru makanisa ya kale ya Tabora kwa miguu

Nilifundisha historia hapa Tabora mpaka nikastaafu, na mgeni akija nyumbani hachelewi kuniambia, "Mwalimu, nipeleke nione makanisa ya wamisionari." Wengi hutaka tuanzie Kanisa Kuu mjini. Mimi huwapeleka kwanza Kwihara, kwenye tembe (nyumba ya udongo ya paa bapa) alimokaa Livingstone, ambalo hata si kanisa. Ukristo uliingia Unyamwezi kwa njia ya misafara, ile ile iliyobeba pembe na watumwa kati ya Ujiji na Bagamoyo, na asiyeikanyaga njia hiyo hatayaelewa makanisa ya mjini.

Kwihara ni kama kilomita sita kutoka mjini. Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi. Ikifika saa nne jua limeshika, na mchanga wa Tabora unachosha miguu kuliko mlima. Vaa viatu vya kufunika vidole, beba maji, na kama mko na mzee mwekeeni bodaboda ya kurudi. Kwa msimu, chagua Juni hadi Septemba. Mvua zikianza njia inaharibika, ingawa ndipo maembe yanapoiva na safari inakuwa na faida yake. Hiyo miembe mikubwa mtakayoikuta njiani, wazee wetu husema ilitokana na kokwa walizotupa wapagazi.

Tembe la sasa limejengwa upya, lakini mahali ni pale pale. Livingstone alikaa hapo mwaka 1872 mpaka tarehe 25 Agosti, akingoja wapagazi ambao mwandishi wa habari Stanley alikwenda kumtafutia pwani. Oktoba 1873 watumishi wake, akina Chuma na Susi, wakapita Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, wakiwa wameubeba mwili wake, wakiupeleka Bagamoyo. Miaka mitano baadaye, 1878, ukaja msafara wa kwanza wa Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa na Askofu Mkuu Lavigerie kule Algiers mwaka 1868. Baadhi yao walishika njia ya Ujiji, wakafika Januari 1879. Wengine walielekea Ziwa Nyanza (Viktoria), na kati yao alikuwamo Simeon Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapeera. Karoli Lwanga na wenzake waliouawa mwaka 1886 ni matunda ya misheni hiyo. Wasomee vijana tarehe hizo wakiwa wamesimama pale uani, jasho likiwatoka. Darasani nilizisema kila mwaka na zilipita masikioni tu, pale hawazisahau.

Sasa rudini mjini, mle, mpumzike. Makanisa ya mjini yafaa siku ya pili, na siku bora ni Jumamosi asubuhi. Siku hiyo jumuiya ndogondogo zinapokezana kufanya usafi, milango iko wazi, na kina mama wanaofagia wanajua mambo ambayo hayakuandikwa popote. Salimu kwanza. Kwa Wakatoliki ni "Tumsifu Yesu Kristo", nao wataitikia "Milele na milele, amina". Kwa mzee, "Shikamoo" haikosi mahali pake. Kisha pita ofisi ya parokia useme wazi: tumekuja kusali kidogo na kutazama kanisa, tunaomba ruhusa ya kupiga picha. Wanawake wawe na kitenge au kanga. Ukiona taa nyekundu inawaka karibu na tabernakulo, kisanduku kinachohifadhi Ekaristi, Wakatoliki wanapiga goti hapo. Asiye Mkatoliki ainamishe kichwa, inatosha kabisa.

Ukishaingia, usikimbilie altare. Uliza jina la mtakatifu msimamizi wa kanisa, maana jina hilo lina tarehe ndani yake. Kanisa Kuu la Tabora ni la Mtakatifu Theresia wa Mtoto Yesu, na yeye alitangazwa mtakatifu mwaka 1925. Kwa hiyo hata bila kuona jiwe la msingi unajua jina hilo halikutoka na msafara wa 1878. Kigango chenye jina la Karoli Lwanga kikipewa kabisa "Mtakatifu", basi ni jina la tangu 1964, alipotangazwa mtakatifu. Halafu tafuta kengele. Nyingi zilizotoka Ulaya zimechorwa mwaka zilipomiminwa, na lugha ya maandishi itakuambia zilitoka kwa nani. Kupanda mnarani ni kwa ruhusa tu.

Kitu ninachokithamini kuliko vyote ni daftari la ubatizo. Huoneshwi hivi hivi, na ni haki yao kukataa, kwa kuwa ni siri za familia za watu. Katika parokia moja ya zamani padri alinifungulia ukurasa mmoja mezani kwake. Maandishi ya Kilatini, wino umegeuka rangi ya kahawia. Josephus, Anna, Paulus, na ubavuni mwa kila mmoja jina la Kinyamwezi, kisha wazazi, kisha msimamizi wake wa ubatizo. Pembeni mwa ukurasa, kwa kalamu nyingine na mwandiko mwingine, ameongezwa kipaimara, na chini yake ndoa. Mtu mmoja, mistari mitatu, mapadri watatu. Kama una bibi au babu aliyebatizwa Tabora, omba kutafutiwa jina lake. Nenda na mwaka wa kukadiria na jina la kijiji, usimpe karani kazi ya kubahatisha.

Msiishie kwa Wakatoliki. Mimi ni Mkatoliki, mume wangu kalelewa Moravian, na nisingekubali mgeni aondoke bila kufika kwao, kwani Jimbo la Magharibi la kanisa hilo lina makao hapa Tabora. Walipokea misheni ya Urambo mwaka 1898 kutoka kwa Wamisionari wa London, waliofika huko enzi za mtemi Mirambo. Tazama nembo ya Mwanakondoo aliyeshika bendera. Wenyewe husema "Mwanakondoo wetu ameshinda", na jibu ni "Tumfuate". Uliza pia kuhusu Pasaka, kwa sababu Wamoravian wana desturi ya kwenda makaburini alfajiri kumtangaza Kristo mfufuka. Ukijaliwa kuwa Tabora wakati huo, amka ukawasindikize.

Kipalapala mwipe siku yake. Huko kulikuwa na kituo cha watoto waliokombolewa utumwani tangu miaka ya 1880, na leo ipo Seminari Kuu ya Mtakatifu Paulo. Kile kitabu cha sala cha bibi yako chenye herufi TMP (Tanganyika Mission Press) na neno Tabora kilitoka huko kwenye uchapaji. Lakini seminari ni mahali pa masomo na ukimya: peleka ombi mapema, fika saa uliyopewa, na langoni mweleze mlinzi umeagana na nani.