Umeandikiwa dawa ya moyo kwenda mbio: jinsi ya kuamua kabla ya kumeza

Mtu anayeandikiwa propranolol, atenolol au dawa nyingine ya kupunguza kasi ya moyo hutoka kwa daktari akiwa na karatasi mkononi na swali ambalo hakuliuliza. Akifika nyumbani, iwe Igoma au Kirumba hapa Mwanza, jirani humwambia kwamba dawa za moyo ukizianza huachi tena, naye huweka pakiti juu ya kabati akisubiri aone hali itakavyokuwa. Kukataa dawa ni haki ya mgonjwa. Lakini kukataa kimyakimya, huku daktari akiamini kwamba dawa inamezwa, ni uamuzi mbaya kuliko wote, kwa sababu ukirudi na mapigo yaleyale huenda akakuongezea kipimo cha dawa ambayo hujawahi kuionja.

Mwongozo huu unamhusu mtu ambaye hali yake inaruhusu kufikiri. Ukizimia, ukibanwa kifua, ukikosa pumzi ukiwa umekaa tu, au moyo ukianza ghafla kukimbia kwa kasi kubwa na usitulie, hiyo ni safari ya hospitali saa hiyohiyo.

Anza kwa kujua kasi yako halisi. Kaa kitako dakika kumi, kisha weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, uhesabu mapigo kwa dakika nzima. Usipime kwa kidole gumba, maana kina mapigo yake yanayoweza kukuchanganya. Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo kati ya 60 na 100 kwa dakika, na mwenye mazoezi mengi anaweza kuwa chini ya hapo bila ugonjwa wowote. Andika asubuhi na jioni kwa siku kadhaa, ukitaja kama mapigo yanakwenda sawasawa au yanarukaruka, na ulichokuwa ukifanya kabla ya kupima. Aliyepanda kilima cha Bugando kwa miguu na kupimwa mara tu alipofika mapokezi si wa kuhukumiwa kwa namba hiyo moja.

Swali linalofuata ndilo zito: moyo wako unakimbia kwa sababu gani? Mara nyingi moyo wenyewe ni mzima, ila unalazimishwa kufanya kazi ya ziada. Damu ikipungua, kila pigo hubeba hewa kidogo, hivyo moyo huongeza kasi ili kufidia. Katika ukanda huu wa ziwa sababu za kupungukiwa damu hazitafutwi mbali: malaria, safura, selimundu, uzazi wa karibu, hedhi nzito, na kichocho cha tumbo kinachowapata wavuvi, wachota maji na watoto wanaoogelea ufukweni. Mtu wa namna hiyo akipewa dawa ya kupunguza mapigo tu, anaondolewa njia ambayo mwili unaitumia kujiokoa, na ugonjwa wenyewe unabaki pale pale. Homa, kuharisha na kupungukiwa maji navyo hufanya vivyo hivyo. Kuna pia tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, ambayo humkondesha mtu ingawa anakula, humtetemesha mikono na kumfanya asivumilie joto. Huyu propranolol humsaidia kweli, lakini kama msaada wa muda wakati tezi inatibiwa.

Kwa hiyo muulize daktari bila kuona haya: "Daktari, umeona chanzo ni nini, na tumepima nini kukithibitisha?" Vipimo vya kuulizia ni wingi wa damu, malaria kama kuna homa, homoni za tezi, na ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo, ambao una faida zaidi ukichukuliwa wakati moyo unakimbia. Mchoro ukionyesha hitilafu ya umeme inayoukimbiza moyo, au ukiambiwa kwamba moyo umedhoofika au valvu zimeharibika, mizani inaelemea upande wa kumeza, na kusubiri uone ni hatari. Mchoro na vipimo vikiwa safi, nawe unakunywa kahawa nyingi au vinywaji vya kuongeza nguvu ili kukesha kazini, ni busara kumwomba daktari muda wa kuviacha kwanza, kisha upimwe upya.

Mweleze pia yale ambayo huenda hakuyauliza. Mwenye pumu anaweza kubanwa vibaya na propranolol, hata kama hajashikwa kwa miaka mingi. Mwenye kisukari anayetumia insulini ajue kwamba dawa hizi huficha mapigo ya haraka yanayomwonya kuwa sukari imeshuka, ingawa jasho huendelea kumtoka. Mjamzito aseme, kwani atenolol kwa kawaida huepukwa katika ujauzito. Taja kila unachotumia, pamoja na mitishamba, dawa za mafua na pampu ya pumu, maana baadhi ya hizo ndizo zinazokimbiza moyo. Verapamil, dawa nyingine ya kupunguza kasi ya moyo, hasa haichanganywi hovyo na propranolol au atenolol, kwani kwa pamoja zinaweza kuuzubaisha moyo kupita kiasi.

Ukikubali kuanza, uliza utameza kwa muda gani, mapigo yakishuka hadi ngapi uache dozi na kupiga simu, na lini utaonwa tena. Siku za mwanzo uchovu, vidole baridi na kizunguzungu unaposimama ni mambo ya kawaida. Mvuvi wa dagaa asianze dawa usiku anaotoka na karabai, kwa sababu kizunguzungu ndani ya mtumbwi si sawa na kizunguzungu sebuleni.

Lile la jirani lina chembe ya ukweli iliyopotoshwa. Dawa hizi huachwa, ila haziachwi ghafla baada ya kuzizoea: moyo unaweza kurudi kukimbia kwa nguvu zaidi, na mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo anaweza kupatwa na shambulio. Hupunguzwa hatua kwa hatua kwa maelekezo ya daktari. Kwa hiyo anayesafiri kwenda Ukerewe kwa wiki mbili ahesabu vidonge vyake kabla ya kupanda meli, na siku ya kurudi kliniki abebe pakiti pamoja na daftari la mapigo, hata kama ukurasa mmoja unasema kwamba siku tatu hakumeza.