Ukienda Mumbai, uliza maji kwanza

Kabla hujakodi teksi kwenda Haji Ali, angalia saa za maji kujaa na kupwa. Dargah hiyo, yaani kaburi la walii wa Kiislamu, iko kwenye kisiwa kidogo, na njia ya kuifikia ni ukanda mwembamba unaokatiza bahari. Maji yakipwa unatembea mpaka mlangoni. Yakijaa, hasa siku za bamvua, mawimbi yanaifunika njia na hakuna kupita. Funika kichwa, na viatu viache nje.

Mapango ya Elephanta, mahekalu ya kale yaliyochongwa kwenye mwamba kisiwani, nayo yana siku yake: Jumatatu yamefungwa. Boti zinaondokea Gateway of India, lango kubwa la mawe ufukweni mwa Mumbai, mwendo wa kama saa moja. Nenda na boti za asubuhi, maana ukishuka kuna ngazi zaidi ya 100 za kupanda, na jua la mchana linachosha kweli. Chakula kifiche ndani ya begi. Tumbili wa pale wanakunyang'anya hata chupa ya soda mkononi. Ukiingia pango kuu, simama kimya mbele ya sanamu ya Shiva, mungu wa Kihindu, yenye nyuso tatu, kimo cha mita 6 hivi, mpaka macho yazoee giza. Nyuso zinajitokeza polepole, moja baada ya nyingine.